Picha ya mlango mmeipenda, ya nguruwe mmenyamaza

Mimi nipo, bado nipo hapa Halle, mashariki ya Ujerumani, muhula wangu wa kubadilishana umebakiza wiki sita. Najua nimewazoesha stori za kantini na za Wajerumani wanaosubiri taa ya kijani saa saba usiku wakati barabarani hakuna hata baiskeli. Leo stori hizo hakuna. Leo nimekuja na ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na ninyi, hasa Walutheri wenzangu, watu wa kwaya, wa UKWATA ya zamani, na wote tuliovaa mashati meupe siku ya kipaimara. Ambao si Walutheri kaeni tu, mbele mtaona na ninyi mnahusika.

Kwa wasiokuwemo kwenye kundi letu la WhatsApp, kisa ni hiki. Jumamosi nilienda Wittenberg, kutoka hapa ni kama saa moja kwa treni. Nikatuma picha mbili. Ya kwanza ni mlango wa kanisa la ngome, ule wa hoja 95. Jamani, nilipata Amina mpaka simu ikachoka! "Mungu mkubwa", "umetuwakilisha dada", "hapo ndipo tulipozaliwa". Ya pili ni kona ya nje ya kanisa jingine la mji huo huo, nikaandika na maelezo mafupi chini yake. Kimya. Saa nne nzima kimya. Halafu mmoja wenu akaandika: "Dada, hayo ni mambo ya Wazungu, usituletee." Mwingine akaweka kidole gumba kumuunga mkono, stori ikahamia kwenye mchango wa harusi.

Sasa basi. Hayo si mambo ya Wazungu, na nitawaambia kwa nini.

Tuanze na huo mlango mlioupenda. Kila mwaka ikifika tarehe 31 Oktoba tunaimba na kuigiza, kijana mmoja anavaa joho jeusi anapigilia karatasi ubaoni: mwaka 1517, nyundo, ko ko ko! Mlango wenyewe wa mbao haupo. Uliungua mwaka 1760 kwenye Vita vya Miaka Saba. Hii milango ya shaba mliyoiona iliwekwa mwaka 1858 na mfalme wa Prussia, hoja zote zimeandikwa humo kwa Kilatini. Kanisa likaja kukarabatiwa upya na kufunguliwa tarehe 31 Oktoba 1892 na Kaisari Wilhelm II, huyo huyo ambaye bendera yake wakati ule ilikuwa inapepea Bagamoyo na Dar es Salaam. Na kama nyundo iligonga kweli au hoja zilisambazwa kwa barua tu, wanahistoria wanabishana mpaka leo.

Siwaharibii sikukuu. Ndani ya kanisa hilo kuna kaburi la Luther, aliyefariki mwaka 1546, na jirani yake amelala Melanchthon. Nilisimama pale nikamshukuru Mungu kwa ajili ya yule mtu, na nilimaanisha. Huyu ndiye aliyetafsiri Agano Jipya mwaka 1522 na kukamilisha Biblia nzima mwaka 1534 kwa Kijerumani ambacho mama wa sokoni anakielewa. Mwaka 1524 aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani wafungue shule, za wavulana na za wasichana pia. Mimi nasomea ualimu, tena ni mtoto wa kike. Hilo peke yake linatosha nimheshimu. Kwa hiyo anayefikiri nimekuja Ulaya nikapotea imani, apumzike.

Ila kanisa ambalo Luther alikuwa anahubiri wiki kwa wiki, miaka na miaka, si lile la ngome. Ni la mjini, la Mtakatifu Maria, lenye minara miwili, hapo hapo sokoni. Watalii wengi wanapiga picha mlango wa ngome, wananunua soksi zenye maneno ya Luther, wanarudi kwenye basi. Mimi niliingia hili la pili. Mbele kuna picha kubwa za madhabahuni zilizotoka kwenye karakana ya Cranach, zikawekwa mwaka 1547. Sehemu ya chini kabisa ndiyo iliyonishika. Upande mmoja Luther yuko mimbarani, mkono mmoja juu ya Biblia, mwingine ameunyoosha mbele. Upande wa pili washarika wanasikiliza, wazee, akina mama na watoto. Na katikati, pale kidole kinapoelekea, yupo Yesu msalabani. Hakuna kingine, ukuta mtupu na msalaba. Kwa mwalimu yeyote ile ni picha ya somo zima kwa mara moja: usinitazame mimi, mtazame huyu.

Na huyu ni nani? Ni Myahudi wa Nazareti, mtoto wa mama Myahudi, alitahiriwa siku ya nane, alikuwa anakwenda sinagogi siku ya Sabato.

Haya, sasa tokeni nje na mimi. Zunguka kanisa mpaka kona ya kusini mashariki, inua shingo. Juu, kama mita nne hivi, kuna mchongo wa jiwe la mchanga. Nguruwe jike amesimama. Chini ya tumbo lake kuna watu wananyonya chuchu zake, na kofia zao zenye ncha zinaonyesha ni Wayahudi, maana ndivyo walivyochorwa Wayahudi enzi zile. Nyuma yuko mwingine, ndiye rabi, ameinua mkia wa nguruwe na kuchungulia matakoni mwake. Juu yake kuna maandishi yenye maneno ya Kiebrania, Schem Hamphoras, yaani lile Jina takatifu la Mungu ambalo Myahudi mcha Mungu halitamki kwa heshima. Wamelibandika juu ya matako ya nguruwe. Kwenye ukuta wa kanisa. Nje ya ukuta huo huo ambao ndani yake kidole kinamwonyesha Myahudi msalabani!

Nilimtumia picha ile rafiki yangu mmoja wa Tanga, Mwislamu, tulikaa naye chumba kimoja mwaka wa kwanza. Hakuhitaji maelezo hata sentensi moja. Alinijibu: "Hebu fikiria wangetuchora sisi hivyo, na jina la Mwenyezi Mungu juu yake, kwenye ukuta wa nyumba ya ibada." Yeye alielewa kwa sekunde mbili jambo ambalo kundi zima la Walutheri lilishindwa kulitazama.

Najua swali linalofuata: Luther ndiye aliyeliweka? Hapana. Jiwe lile ni la miaka ya 1290 hivi, karibu miaka mia mbili kabla hajazaliwa. Na si Wittenberg peke yake, michongo ya aina hiyo ipo hata kwenye makanisa makuu ya Kikatoliki kama Köln na Regensburg, kwa hiyo ndugu zangu Wakatoliki msianze kucheka. Maandishi ya juu yaliongezwa mwaka 1570, Luther keshakufa. Lakini yaliongezwa kwa sababu yake. Mwaka 1543 aliandika kitabu kinachoitwa kwa jina hilo hilo, Schem Hamphoras, na ndani yake akaueleza mchongo wa kanisa lake, akaufanyia mzaha. Waliokuja baada yake wakachukua mzaha wa kitabuni wakauandika ukutani.

Mwaka huo huo wa 1543 alitoa kingine, kuhusu Wayahudi na uongo wao. Humo aliwapa watawala ushauri, na nauandika hapa bila kuupunguza: masinagogi yao yachomwe moto, nyumba zao zibomolewe, vitabu vyao vya sala wanyang'anywe, marabi wakatazwe kufundisha, ulinzi wa barabarani waondolewe, fedha zao zichukuliwe, na vijana wao wapewe majembe na mashoka wafanye kazi ngumu. Huyo ndiye mtu wetu wa nyundo.

Eti "alikuwa mtu wa zama zake". Hii nimeisikia sana, na ni jibu la uvivu. Mwaka 1523, miaka ishirini kabla, Luther huyo huyo aliandika kijitabu kuwakumbusha Wakristo kwamba Yesu alizaliwa Myahudi, akalilaumu kanisa kwa kuwatendea Wayahudi kama mbwa. Kwa hiyo alijua. Zama zilikuwa hizo hizo. Na katika zama hizo hizo alikuwepo Andreas Osiander wa Nuremberg, mhubiri wa upande wetu kabisa, ambaye aliandika kuwatetea Wayahudi dhidi ya ule uzushi kwamba wanaua watoto wa Kikristo. Alikuwepo Josel wa Rosheim, msemaji wa Wayahudi wa Ujerumani, ambaye mwaka 1537 alitaka kuonana na Luther awaombee watu wake kwa mtawala wa Saxony, Luther akamkatalia. Kitabu cha 1543 kilipotoka, Josel alikwenda kwa wakuu wa Strasbourg, mji wa Kiprotestanti, akawaomba wakizuie, nao wakakataza kisichapwe tena pale. Mnaona? Watu wa zama zake walikisoma na wakakikataa.

Mwingine atasema maneno ya mwaka 1543 yamekufa zamani. Hapa Halle ninaposoma, chuo kinaitwa kwa jina la Martin Luther. Jina hilo kilipewa tarehe 10 Novemba 1933, siku ya kuzaliwa kwake, mwaka ambao Hitler aliingia madarakani. Miaka mitano baadaye, usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938, masinagogi yalichomwa Ujerumani nzima. Askofu Martin Sasse wa Thuringia, Mlutheri, akatoa kijitabu cha maneno ya Luther dhidi ya Wayahudi, na kwenye utangulizi akafurahia kwamba masinagogi yanaungua siku ya kuzaliwa kwa Luther. Askofu huyo! Sisemi Luther ndiye aliyemzaa Hitler, historia haiendi kirahisi hivyo na mhadhiri yeyote wa historia atanipa sifuri. Nasema kiberiti kilipotafutwa, kilikutwa kwenye rafu ya mchungaji.

Na kama 1938 nayo ni zamani, basi chukueni tarehe 9 Oktoba 2019, hapa hapa Halle. Ilikuwa Yom Kippur, siku kubwa ya toba ya Wayahudi, sinagogi lilikuwa na watu zaidi ya hamsini wanasali. Mtu mwenye silaha akaja kuwaua. Akaupiga mlango risasi, ukakataa kufunguka. Mlango wa mbao, jamani. Aliposhindwa akaua watu wawili waliokuwa nje, mmoja barabarani na mwingine kwenye mgahawa wa kebabu. Mlango ule wameutunza kuwa kumbukumbu. Kuna mlango mmoja tunauimbia kila Oktoba na kumbe hata wa mwaka 1517 si wenyewe, na kuna huu ambao ni wenyewe kabisa na uliokoa watu kweli, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuusikia.

Haya, turudi kwenye "mambo ya Wazungu". Kanisa letu linaitwaje? Kanisa la Kiinjili la KILUTHERI Tanzania. Jina la mtu huyu tumelibandika kwenye mabango ya sharika, hospitali na vyuo, kutoka Bukoba mpaka Njombe. Wamisionari wa Berlin walifika Dar es Salaam mwaka 1887, wa Leipzig wakafika Kilimanjaro mwaka 1893, wote wametoka kwenye miji ambayo kwa treni ni jirani ya Wittenberg. Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 tumeikariri neno kwa neno, anayekosea alikuwa anarudi kukaa nyuma. Ukipokea shamba la babu, unapokea na deni lake. Huwezi kusema mahindi ni yangu, deni ni la babu.

Tena kuna jambo ambalo naona aibu kwamba nimelijulia huku. Mwaka 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya mkutano mkuu wake Dar es Salaam, na rais aliyechaguliwa pale alikuwa Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Aliishika mpaka mwaka 1984. Ni katika kipindi chake, mwaka 1983, wawakilishi wa Walutheri walikaa na wawakilishi wa Wayahudi Stockholm, na Walutheri wakatamka wazi kwamba hawayakubali mashambulizi ya maneno aliyoyafanya Luther dhidi ya Wayahudi. Mwaka 1984 tamko hilo likapokelewa kwenye mkutano mkuu wa Budapest. Yaani Walutheri wa dunia walipoyakana maneno hayo, aliyekaa kiti cha mbele alikuwa mtu wa Kagera! Halafu leo, miaka arobaini na kitu baadaye, ninyi mnaniambia ni mambo ya Wazungu. Askofu Kibira alikuwa Mzungu wa wapi?

Sasa tuje kwenye jiwe lenyewe, maana ugomvi wa huku ni mkubwa. Mzee mmoja Myahudi alifungua kesi liondolewe, akashindwa mahakama ya kwanza, akashindwa rufaa, kesi ikafika mahakama kuu ya shirikisho. Tarehe 14 Juni 2022 majaji wakasema: mchongo peke yake ni matusi kwa Wayahudi wote, hilo halina ubishi, lakini usharika umeweka kumbukumbu ya shaba chini yake na bango la maelezo, kwa hiyo alama ya aibu imegeuka kuwa alama ya onyo, si lazima iondolewe. Mwaka huo huo jopo la wataalamu lilishauri lishushwe. Baraza la usharika likaamua libaki.

Nitakuwa mkweli, hoja ya usharika si ya kijinga. Ile kumbukumbu ya chini iliwekwa Novemba 1988, miaka hamsini baada ya ule usiku wa moto, enzi za serikali ya kikomunisti, na maneno yake yanataja waziwazi Wayahudi milioni sita waliouawa chini ya alama ya msalaba. Kanisa kujiandikia hivyo mlangoni kwake si jambo dogo. Nilimkuta bibi mmoja mwenyeji pale, amekaa kwenye benchi, nikamuuliza kwa Kijerumani changu cha kuunga unga. Akasema, "Likiondoka, wajukuu zangu watafikiri tulikuwa watu wema siku zote." Nilimheshimu kwa jibu hilo, tena sana.

Lakini bado simkubalii. Nasema lishushwe. Mwalimu yeyote aliyepita mafunzo kwa vitendo anajua zana ya kufundishia inavyowekwa: usawa wa macho, karibu na maelezo yake, darasa linaona vyote viwili kwa pamoja. Pale tusi liko juu, limeinuliwa, sehemu ya nyumba ya Mungu, na toba iko chini ardhini watu wanapita juu yake na viatu. Nilikaa nikahesabu: katika nusu saa walipita makundi matatu ya watalii, na wengi walipiga picha ya juu bila kuinamisha kichwa kusoma ya chini. Ukuta wa kanisa ni sauti ya kanisa. Kinachobaki ukutani kanisa bado linakisema, hata kama chini limeandika samahani. Lishusheni, liwekeni kwenye chumba hapo hapo uani, usawa wa macho, kitabu cha 1543 kikiwa wazi upande mmoja na kile cha 1523 upande wa pili, na kila Mlutheri anayekuja kupiga picha mlango apitishwe humo kwanza.

"Ukilishusha unafuta historia." Kweli? Wana-Dar, pale ilipo sanamu ya Askari palikuwa na nini? Palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, iliyosimamishwa mwaka 1909, yule yule aliyempiga vita Abushiri mpaka akanyongwa Pangani mwaka 1889. Waingereza waliiondoa walipouchukua mji, mwaka 1922 ikasimamishwa tena Hamburg, chuo kikuu, na mwaka 1967 na 1968 wanafunzi wa Kijerumani, watu wa umri wetu, wakaiangusha. Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 ndiyo tunayopita nayo kila siku kwenye daladala. Niambieni, kuna Mtanzania aliyesahau kwamba Wajerumani walitutawala kwa sababu Wissmann hayupo Posta? Maji Maji tumeisahau? Historia inakaa kwenye vitabu, madarasani na midomoni mwa wazee. Kilichoondoka Posta ni heshima ya Wissmann tu.

Najua pia wapo ambao wakisikia neno Myahudi wanakimbilia habari za vita vya leo vya Mashariki ya Kati. Hiyo ni mada nyingine, nina maoni yangu na nitayaandika siku yake. Serikali yoyote inaweza kulaumiwa kwa inayoyatenda, na anayelaumu hahitaji nguruwe. Ukishaanza kuhitaji nguruwe, ujue hulaumu serikali tena, unatukana damu ya watu.

Na hapo ndipo jambo hili linapotufikia nyumbani. Kabla ya watu kuuawa Rwanda mwaka 1994 waliitwa mende redioni. Kabla ya bibi kizee kukatwa mapanga Kanda ya Ziwa kwa sababu ya macho mekundu, kijiji kilikuwa kimeshamwita mchawi miezi mingi. Maneno yanatangulia, panga linafuata. Luther alikuwa na karama ya maneno kuliko mtu yeyote wa kizazi chake, ndiyo maana maneno yake mazuri yamefika Machame na maneno yake mabaya yakamfikia Askofu Sasse. Mimi nimekaa ibadani Ijumaa Kuu, usharika siutaji, nikamsikia mhubiri akisema Wayahudi ni taifa lililolaaniwa kwa kumuua Bwana, na watu wakaitikia Amina. Watoto wa Shule ya Jumapili walikuwa mstari wa mbele. Hakuna jiwe lolote ukutani mwa kanisa lile, lakini mchongo ulikuwepo, tena unaongea kwa Kiswahili fasaha.

Kwa hiyo nawaomba mambo yanayowezekana. Walimu wa kipaimara, na humu mpo, nawajua: mkifundisha 1517 fundisheni na 1543, somo moja, siku moja. Mtoto wa miaka kumi na nne anaelewa kabisa kwamba mtu aliyefanya jambo kubwa anaweza kufanya jambo baya, kwao nyumbani anaona. Mkifika amri ya nane, ile ya kutomshuhudia jirani uongo, mwulizeni mtoto kama maelezo ya Luther mwenyewe, ya kumtetea jirani na kumsema vizuri, yanamhusu na jirani Myahudi. Katekisimu yake inatosha kumhukumu, hatuhitaji silaha ya mtu mwingine. Wahubiri, Ijumaa Kuu msimtafute muuaji Yerusalemu. Kwaya na wachungaji mnaoalikwa huku kutembea, mkishapiga picha yenu ya mlango, ongezeni hatua chache mpaka kanisa la Mtakatifu Maria, zungukeni kona, inueni shingo. Kisha inamisheni kichwa msome na ya chini.

Mkinijibu kwamba kufanya hivi kunamshusha Luther, nitasema sawa, mshusheni. Kwenye ile picha ya Cranach yeye mwenyewe amesimama pembeni, katikati amemwachia mwingine.

Nawasilisha. Mnaotaka kubishana karibuni chini hapo, nitajibu wote baada ya mtihani wa Alhamisi. Matusi sitayaacha ukutani kwangu, nitayashusha.